VAT ya asilimia 18: kwa nini 48,380 si jibu

Dada, swali la mwanao wa P.7 (darasa la saba Uganda) ni hili: viatu vimeuzwa sh. 59,000, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ikiwa ndani. Bei kabla ya kodi ni ngapi? Yeye kapata 48,380, amekosa. Kuzidisha kwake na kutoa kwake ni safi kabisa. Kilichomponza ni kutojiuliza: asilimia 18 ya nini?

Kodi hiyo hutozwa juu ya bei ya dukani kabla ya kodi. Bei hiyo ndiyo 100, kodi ni 18, mnunuzi analipa 118. Kwa hiyo 59,000 inasimama mahali pa 118. Gawanya: 59,000 ÷ 118 = 500. Zidisha kwa 100, unapata 50,000, na kodi ni 9,000. Mtoto alitoa asilimia 18 ya 59,000, yaani 10,620, akapunguza kupita kiasi.

Azoeshe mkono kurudi nyuma: 48,380 ukiiongezea asilimia 18 inafika 57,088.40 tu. Hapo kosa linajitangaza lenyewe kabla mwalimu hajaliona.

Kwenye faida na hasara, 100 hukaa kwenye bei ya kununulia. Baiskeli iliyouzwa 340,000 kwa hasara ya asilimia 15: 340,000 ni 85, sehemu moja ni 4,000, basi ilinunuliwa 400,000. Kwenye punguzo, 100 ni bei ya awali. Ndiyo maana bidhaa ya 50,000 ikipandishwa asilimia 20 kisha ikashushwa asilimia 20 hairudi pale pale: inakwenda 60,000, halafu inashuka hadi 48,000. Ile 20 ya pili imekatwa kwenye 60,000. (Watu wazima nao hunaswa hapa, wafanyabiashara wakiwemo.)

Namba zikikataa kugawanyika, asikimbilie kukadiria. Tuseme bei yenye kodi ni 45,000. Akigawanya kwa 118 akaandika 381, atapata 38,100. Jibu sahihi ni 38,136 kwa shilingi iliyo karibu. Aandike 45,000 × 100 ÷ 118, azidishe kwanza, akadirie mwisho. Kikokotoo hakiingii kwenye chumba cha PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi), na njia lazima ionekane kwenye karatasi, hivyo mstari wa kwanza uwe wa namna hii kila mara, kama kwa vile viatu: 118% = sh. 59,000.