Maswali ya Wasomaji: Kigari cha Kumwagilia Kisimame Pale Unapotaka

Barua za toleo hili zinahusu kigari cha kumwagilia nyasi, kile kinyunyizio kizito chenye magurudumu kinachofuata mpira wa maji na kurudi polepole upande wa bomba huku mikono yake ikizunguka. Kutembea kinajua. Shida ya wengi ni kukisimamisha.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Kigari changu kilikuja na tuta la plastiki la kuweka juu ya mpira ili kikifika hapo kijifunge. Mara mbili sasa kimelipita kama hakilioni, kikaenda kumwagia ukuta. Ubovu uko kwenye tuta au kwenye kigari?

JIBU: Nzuri, ndugu. Anza na jaribio la dakika mbili kabla hujanunua chochote. Kigari kikiwa kinamwaga, kiinue upande wa mbele kwa mkono mmoja, na kwa kijiti usukume juu ule ulimi mdogo unaoning'inia tumboni. Utalowa kidogo. Maji yakikatika, valvu ni nzima na kosa liko kwenye tuta au jinsi ulivyolitega. Yasipokatika, ruka uende kwenye swali linalofuata.

Kigari hakina injini. Maji yakiruka kutoka kwenye mikono yanaisukuma mikono kinyumenyume, mikono inazungusha mhimili, mhimili unazungusha gia, na gia zinazungusha magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo tuta halikizuii kigari kwa nguvu. Kazi yake ni kuusukuma ule ulimi tu. Ulimi ukipanda, valvu inafunga, maji yanakatika, na kigari hakina tena cha kukisukuma.

Kupitwa kwa tuta mara nyingi kunatokana na kona. Gurudumu la mbele linaufuata mpira vizuri ukiwa umelala bila kujikunja, lakini likitoka kwenye kona na kukutana na tuta hapohapo, hulipanda kwa ubavu na ulimi unapita pembeni. Nyoosha mpira mita 2 nzima kabla ya tuta na nusu mita baada yake. Sababu ya pili ni ardhi laini. Kigari ni kizito, na nyasi zilizokwisha kulowa zinalimeza tuta. Likizama sentimita moja tu, kimo kilichobaki hakitoshi kuufikisha ulimi mwisho wa safari yake. Weka kipande cha plaiwudi chini ya tuta, kisichozidi upana wake, na mchezo huo unaisha. Tatu, tuta lisilopigiliwa vigingi husukumwa mbele na gurudumu badala ya kupandwa. Ukikuta nyasi zimelala na tuta liko hatua moja mbele ya ulipoliacha, hicho ndicho kilichotokea.

Kuhusu ukuta wako: usipime kwa macho. Weka kigari kwenye gia ya fri, ile isiyozungusha magurudumu, fungua bomba kama unavyofungua siku zote, kisha pima kutoka katikati ya mikono hadi tone la mwisho linapoangukia. Ikiwa ni mita 6, tuta likae mita 6 na nusu kutoka ukutani. Pima kwa presha ile ile utakayotumia, kwa sababu ukiongeza bomba baadaye, duara nalo linapanuka.

SWALI: Changu kinapanda tuta na kusimama, lakini maji hayakatiki. Mikono haizunguki tena, inachuruzika tu, na asubuhi nakuta dimbwi. Nimebadilisha washa, yaani kile kipete cha kuzibia maji kwenye valvu, hali ni ile ile.

JIBU: Swali lako ndilo gumu kuliko yote ya leo, na wengi huishia kulaumu washa bure.

Fikiria kinachotokea tumboni. Kigari kinapanda tuta kwa nguvu ya maji. Kadiri kinavyopanda, ulimi unasukumwa na valvu inabana maji. Maji yakipungua, nguvu ya kupanda nayo inapungua. Kigari kinajikaba koo chenyewe. Kikiishiwa nguvu kabla valvu haijafika mwisho, kinaganda hapo katikati, na maji yaliyobaki ni machache mno kuzungusha mikono lakini yanatosha kabisa kujaza dimbwi. Valvu nzuri imepangwa hivi: ikishakaribia kufunga, presha ya maji nyuma yake inamalizia safari kwa kuibamiza. Kazi yako ni kukisaidia kigari kifike kwenye nukta hiyo.

Tumia gia ndogo. Ni ya polepole, lakini ndiyo yenye nguvu ya kuvuta, na wanaolalamika juu ya tuta mara nyingi wako kwenye gia kubwa. Kisha angalia mzigo unaoburutwa. Kigari kinapotembea, mkia wa mpira unajikunja nyuma yake na kuburuzwa, na urefu unaoburuzwa ni nusu ya mwendo uliokwisha kwenda. Ukitoka mita 40, kinavuta mita 20 za mpira uliojaa maji. Mpira wenye tundu la milimita 16 unabeba lita 0.2 kwa kila mita, kwa hiyo hapo kuna kilo 4 za maji peke yake, mbali na uzito wa mpira. Ukitumia wa milimita 19, maji yanakaribia kilo 6. Na mzigo huo unafika kilele chake palepale kwenye tuta, mahali ambapo kigari kina nguvu ndogo kuliko kokote! Fupisha safari, au igawe mara mbili.

Halafu lisugue tuta. Plastiki iliyokaa juani inakwaruzika, na ulimi wa chuma unanata juu yake. Msasa laini, kisha nta ya mshumaa, vinatosha. Usipake grisi, maana inakamata mchanga.

Ukiwa umefanya yote hayo na bado inachuruzika, rudi kwenye valvu. Funga bomba, fungua skrubu za kifuniko, na ukague kile kiti ambacho washa inakikalia, siyo washa peke yake. Chembe moja ya mchanga ikinasa hapo inachimba kijifereji kwenye shaba, na washa mpya haizibi kijifereji. Pitisha ukucha kuzunguka kiti chote. Ukisikia mkwaruzo, kisugue kwa msasa namba 400 ulioubandika kwenye ncha bapa ya kijiti, ukizungusha mpaka kiwe laini. Kisha weka washa yenye wavu pale mpira unapoingia kwenye kigari, la sivyo utarudia kazi hiyo hiyo.

SWALI: Tuta langu limepotea. Naweza kujichongea la mbao?

JIBU: Unaweza, na lililochongwa vizuri huwa linazidi la plastiki. Ila vipimo vitoke kwenye kigari chako, siyo cha jirani.

Weka kigari juu ya ubao bapa, gurudumu la mbele likiwa limekalia kipande cha mpira wako. Chukua vipimo viwili. Cha kwanza ni kimo kutoka ubaoni hadi ncha ya ulimi ukiwa umesukumwa juu kabisa, valvu imefunga. Kilele cha tuta kiwe kimo hicho na milimita 4 za ziada. Tuseme umepata 40. Kilele kiwe 44. Cha pili ni umbali kutoka pale gurudumu la mbele linapogusa chini hadi ulimi. Kipimo hiki ndicho watu wanachokisahau. Gurudumu la mbele likiwa bado juu ya tuta, pua ya kigari imeinuka na ulimi umeinuka pamoja nayo, kwa hiyo hausukumwi inavyotakiwa. Lazima gurudumu liwe limeshuka upande wa pili wakati ulimi unafika kileleni. Umbali huo ukiwa sentimita 14, mteremko wa upande wa pili uwe mfupi kuliko hapo, sentimita 8 hivi. Mteremko wa kupandia uwe mrefu, sentimita 16 hadi 18, ili gurudumu lipande bila kusita.

Tumia mbao ngumu isiyovimba kwa maji. Upana wa sentimita 6 unatosha, mradi tuta lipite katikati ya magurudumu ya nyuma. Upande wa chini chonga mfereji wa urefu wote wa kupitishia mpira. Mpira wa tundu la milimita 16 huwa na unene wa nje wa kama milimita 22, kwa hiyo mfereji uwe upana wa 25 na kina cha 24. Kwenye ncha mbili, ambako mbao ni nyembamba kuliko kina cha mfereji, tuta litabaki limepasuka katikati kama mdomo wa samaki. Usiogope, wala usizibe. Gurudumu linakuja likiwa juu ya mpira, mpira unaingia katikati ya ule mdomo, na mbao inalipokea gurudumu pande zote mbili bila kulipotosha. Pigilia vijiti viwili vyembamba juu, kimoja kila ubavu, viwe kingo za kulizuia gurudumu lisiteleze nje.

Mwisho toboa matundu manne pembeni mwa tuta na ulipigilie ardhini kwa misumari mirefu ya sentimita 15. Vichwa vya misumari vizame kabisa. Kimoja kikibaki juu, mashine ya kukatia nyasi itakukumbusha.

SWALI: Kwa nini nisiweke jiwe tu mbele yake?

JIBU: Kwa sababu jiwe halifungi maji. Magurudumu ya nyuma yataendelea kuzunguka papo hapo, yachimbe mashimo mawili kwenye nyasi, na meno ya gia yalike yakisukumana na kitu kisichosogea. Wakati huo mikono inaendelea kumwaga sehemu ile ile mpaka utakapokumbuka.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mama wa makamo, sipendi kushinda nje nikikingojea. Kigari kinasimama vizuri kwenye tuta, lakini nyasi za pale kinaposimama ni kavu kuliko za katikati. Na mara moja mpira ulipasuka kwenye kiungo usiku, baada ya kigari kusimama. Je, taima ya bombani, ile inayofunga maji yenyewe muda ukiisha, ingenitosha bila tuta?

JIBU: Marahaba, mama. Yote mawili yana dawa moja, lakini tuanze na mpira uliopasuka. Tuta linafunga maji ndani ya kigari, si bombani. Kigari kikisimama, bomba bado liko wazi na mpira wote umebeba presha kamili. Wakati kikimwaga, presha hiyo ilikuwa inapata pa kutokea, sasa haina. Na usiku, matumizi ya maji yakipungua, presha ya bomba mara nyingi hupanda. Kiungo dhaifu ndicho kinachoachia.

Taima peke yake si ya kuaminiwa. Mwendo wa kigari unabadilika na presha, na kinapunguza kasi kadiri mkia unavyorefuka, kwa hiyo saa zile zile leo zitakifikisha ukutani na kesho zitakiacha nusu ya njia. Tumia vyote viwili: tuta lisimamishe kigari, taima iondoe presha. Chomeka kigingi kando ya gurudumu kigari kikiwa kimevuka nusu ya njia, subiri dakika 15, pima. Kikienda mita 2 na nusu, hiyo ni mita 10 kwa saa, na njia ya mita 40 itachukua kama saa 4. Itege taima kwa saa 4 na nusu. Zile za kuzungusha kwa mkono nyingi zinaishia saa 2, kwa hiyo utahitaji ya betri.

Sasa ule ukavu. Sehemu ya katikati ya njia inamwagiwa tangu ukingo wa duara unapoifikia mpaka unapoiacha, yaani kwa mwendo wa duara zima. Pale kwenye tuta panapata nusu tu, maana kigari kinafika na kukatika. Kinapoanzia safari napo pana shida hiyo hiyo. Mwanzoni, kiache kwenye fri dakika 20 kabla ya kukiingiza gia. Mwishoni, kikishasimama, funga bomba, legeza kiungo cha bombani kidogo utoe presha iliyobaki, kisha urudishe ulimi chini. Usiulazimishe ukiwa na presha, utaupinda. Kirudishe kigari nyuma kidogo, kishuke kwenye tuta, weka fri, tega taima dakika 20, ufungue bomba na uingie ndani.

Dakika 20 hizo ni za kuanzia tu. Tega mikebe mitatu iliyo sawa, mmoja kwenye tuta, mmoja katikati ya njia, mmoja kinapoanzia, na baada ya kumwagilia pima kina cha maji kwa rula. Wa kwenye tuta ukiwa na milimita 8 na wa katikati 12, ongeza muda wa fri. Ukizidi wa katikati, punguza.