Sentensi iliyonikatalia siku tatu

Desemba ya mwaka juzi, tulipopanda wote Kibosho kwa Krismasi kama ilivyo kawaida yetu Wachagga, mimi ndiye niliyeharibu kikao cha familia. Na nilikuwa nimejiandaa kwa miezi. Nikiosha vyombo nasema moyoni, nikikaa kwenye daladala naendelea palepale nilipoachia. Mama ana sukari na presha, na kwa kuwa ninaishi Moshi mjini, mimi ndiye ninayepanda kwake karibu kila siku na kulala huko akizidiwa. Kaka na dada wako Dar es Salaam. Nilidhani nayajua vizuri niliyotaka kuwaambia.

Zamu yangu ilipofika nikafungua mdomo, kikatoka kitu kimoja tu: "Nyie hamjali."

Kaka akauliza nani analipia dawa, kisha akatoka nje, akasimama kwenye migomba akiwa ametupa mgongo. Dada akaanza kulia. Mama alikuwa palepale, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hanywi. Kile kikombe sijakisahau hadi leo.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ana jambo zito kichwani na anaamini kwamba amelifikiria vya kutosha. Huenda bado. Mimi nilikuwa nimelizungusha tu, maneno yaleyale yakipita na kurudi, na kila yalipopita yalizidi kunichoma bila kuniambia chochote kipya.

Februari nikanunua daftari nene, kaunta buku ya kwaya mbili, pale sokoni Mbuyuni. Nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajataka uji, naandika robo saa. Kwa kalamu, tafadhali. Kwenye simu utajikuta umemtumia mtu jambo ambalo hata wewe mwenyewe hujalielewa. Usijali herufi wala nukta. Lugha nayo usiichague: mengi niliandika kwa Kiswahili, ila yale aliyoniambia mama niliyaacha kwa Kichagga kama alivyoyatamka, maana nikiyageuza yanapoa.

Kurasa za mwanzo zilikuwa malalamiko matupu, na nilikuwa nanyanyuka pale mezani nikiwa na hasira kuliko nilivyokaa. Usiogope ukiona hivyo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walichapisha utafiti wa wanafunzi 46 wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu, wengine jambo lililowaumiza sana maishani. Walioandika tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia walikuwa na huzuni zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Sitaki ufikiri ni dawa ya miujiza. Mwaka 2006 tafiti 146 za aina hiyo zilipokusanywa pamoja, faida ilionekana ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Na kama jambo lako ni msiba wa juzi au linakunyima usingizi kabisa, tafuta kwanza mtu wa kukaa naye, au nenda hospitali. Daftari litasubiri.

Kitu cha kwanza kuninyoosha kilikuwa hesabu. Nilikuwa nimeandika, "Kaka hapigi hata simu." Nikajiambia, hebu angalia. Nikachukua simu ya mama, nikahesabu simu zilizoingia mwezi ule: kaka alikuwa amepiga mara kumi na moja. Nikakata ile sentensi kwa mstari mmoja, ili niendelee kuiona. Ilikuwa imekaa kichwani mwangu karibu mwaka mzima, na ilikuwa uongo. Kichwani ilipita bila kuulizwa kitu.

Kisha nikaandika: "Ninachotaka kwao ni". Kalamu ikasimama.

Nikaandika pesa, nikakata, kwa sababu pesa wanatuma. Kesho yake nikaandika shukrani, nikaona aibu, nikakata. Siku ya tatu sikuandika kitu, nilikaa nikiangalia lile pengo. Ya nne nikaandika bila kuinua mkono: "Ninachotaka kwao ni usiku. Nataka mtu mwingine alale kwa mama, kwa sababu naogopa atanifia mikononi nikiwa peke yangu, halafu wataniuliza nilifanya nini."

Nililia pale mezani mpaka uji wa watoto ukaungua. Hofu ile sikuwa nimewahi kuisema, hata katika maombi. Hasira yote ilikuwa imekaa juu yake kama mfuniko.

Lione hilo neno "kwa sababu". Miaka ya baadaye Pennebaker na wenzake walichambua maandishi yenyewe, wakaona walionufaika zaidi ni wale ambao siku zikienda walizidi kutumia maneno ya kutafuta chanzo na kuelewa. Kwa hiyo ukikwama, andika lalamiko lako, weka "kwa sababu", umalizie. Ukimaliza, weka tena "kwa sababu". Mara nyingi ile ya tatu au ya nne ndiyo inayouma, na hapo ndipo pa kukaa.

Daftari si la kusomewa mtu. Langu liko kabatini chini ya vitenge. Kwa ndugu zangu niliandika karatasi nyingine, ukurasa mmoja, nikaondoa kila neno la "nyie", nikabakiza hofu yangu, usiku, na ombi. Jumapili moja baada ya ibada nikampigia kaka nikamsomea kama ilivyo, sauti ikitetemeka.

Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Mbona Desemba hukuniambia hivi, mdogo wangu?"

Nikamwambia ukweli: Desemba nilikuwa sijui.

Alikuja wiki ya pili ya Mei, masika yakiwa bado yanapiga na barabara ya kupanda kwa mama ikiwa tope tupu. Alilala huko siku tisa. Mimi nililala kwangu.