Kubuni Ugonjwa kwa Ajili ya Mchezo: Anzeni na Haja ya Hadithi

Nawaandikia ninyi mnaoanza kutunga hadithi za michezo ya kompyuta. Ugonjwa wa kwanza nilioubuni niliuanzia kwenye dalili: nilimpa mhusika homa, upofu na usahaulifu, kisha nikahangaika kuupachika katika hadithi ambayo haikuuhitaji. Siku hizi, kabla ya kuandika dalili yoyote, naandika kwanza hadithi inataka mgonjwa afanye nini na ashindwe nini.

Mtazameni Thane Krios wa Mass Effect 2, mchezo wa BioWare uliotoka mwaka 2010. Hadithi ilihitaji muuaji stadi anayekubali safari ambayo huenda hatarudi, na ambaye ana muda mfupi wa kupatana na mwanawe. Kwa hiyo ugonjwa wake ulipaswa kuua, lakini polepole. Umwachie nguvu za kupigana. Tena usiambukize, kwa kuwa anaishi na wenzake ndani ya chombo kimoja cha angani. Kepral's Syndrome, ugonjwa aliopewa, inatimiza hayo yote. Jamii yake ilitoka sayari kame, ikahamishiwa sayari ya bahari, na unyevu wa hewa ya huko ukaharibu mapafu yake kidogo kidogo hadi yakawa yanashindwa kufyonza oksijeni. Mchezaji akiuliza mtu huyu anaumwa nini, anajibiwa papo hapo jamii yake imepitia nini, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika ubunifu huu.

Someni pia magonjwa halisi, hasa muda unaopita kati ya kuambukizwa na dalili kuonekana. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5, kichaa cha mbwa mara nyingi miezi 2 hadi 3, na ukoma unaweza kujificha hata miaka 20. Ugonjwa wa saa chache unafaa mji uliozingirwa, ambamo kila uamuzi ni wa leo. Ule wa miezi unamfaa msafiri anayebeba kitu asichokijua. Nawasihi msiugeuze ugonjwa kuwa adhabu ya mhusika mbaya, kwa sababu miongoni mwa wachezaji wenu wamo wagonjwa.

Kuna swali ambalo mchezaji ataliuliza mapema sana: ikiwa dawa moja inafunga majeraha ya risasi katika sekunde mbili, kwa nini haimponyi huyu? Mimi huweka kanuni kwamba dawa za vitani hufunga jeraha tu, wala hazirudishi kiungo kilichochakaa, na kanuni hiyo huionyesha katika tukio dogo kabla mgonjwa hajatokea.

Ikiwa ugonjwa wenu unaambukiza, fuatilieni kila anayeweza kuubeba. Mnamo Septemba 2005, katika World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Blizzard, laana ya damu iliyokusudiwa kubaki ndani ya pambano dhidi ya adui mkuu aitwaye Hakkar ilitolewa nje na wanyama wa wachezaji, ikaingia mijini, na wahusika wanaoendeshwa na kompyuta wakawa wanaieneza bila wenyewe kufa. Wahusika dhaifu wa wachezaji walikufa kwa wingi, na hatimaye kampuni ililazimika kuingilia kati kuiondoa. Kwa hiyo, pembeni ya kila jina la mhusika, mnyama na muuza duka, andikeni kama anaambukizwa, kama anaambukiza, na ni nini kinachouzima ugonjwa ndani yake.