Wauguzi wapya wanaitikia, kitandani wanakwama

SWALI: Ninasimamia wodi ya watoto hapa Kisumu. Tumepokea wauguzi sita waliohitimu juzi tu. Niliwafundisha saa nzima kutayarisha sindano ya malaria kali, wote wakasema wameelewa. Kesho yake, mbele ya mtoto mgonjwa, hakuna aliyejua aanzie wapi. Nifanyeje? – Sista, Kisumu

JIBU: Sista, usirudie somo lile. Zima projekta, uwape kazi ya mikono kwa dakika 20. Waketi wawili wawili, kila jozi na kichupa cha miligramu 60 cha unga wa atesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, baikaboneti yake ya kuyeyushia unga, maji ya chumvi ya dripu, bomba la sindano na karatasi. Tumia vichupa vilivyopitwa na muda, vilivyoandikwa MAFUNZO kwa wino mwekundu.

Uliza: mtoto ana kilo 8, anapata degedege, utavuta mililita ngapi za atesuneti za kumpa kwenye mshipa? Kila mmoja aandike jibu lake peke yake kwa dakika 2, ndipo alinganishe na mwenzake. Hapa usiruke hata kama muda umebana. Bila karatasi, mwepesi wa kusema hujibu na wengine wote humfuata, nawe huwezi kujua nani amekwama.

Kisha watayarishe. Mililita 1 ya baikaboneti kwenye unga, tikisa mpaka dawa iwe angavu, ongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Sasa kila mililita ina miligramu 10. Aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo: miligramu 24, yaani mililita 2.4. Mmoja anachanganya, mwenzake anataja kila hatua kwa sauti, halafu wabadilishane.

Kosa la hatari liko kwenye maji. Sindano ya msuli huongezewa mililita 2 tu, hivyo kila mililita hubeba miligramu 20. Anayechanganya vipimo hivi viwili humpa mtoto nusu ya dozi au maradufu. Wengine huruka baikaboneti wakayeyushia unga kwenye maji ya sindano, au huacha dawa iliyochanganywa ikae zaidi ya saa 1. Mambo haya yatokee mezani, wayaone wenyewe.

Ukiona wamezoea, wape mtoto wa kilo 22. Kuanzia kilo 20 dozi ni miligramu 2.4 kwa kilo: 52.8, karibu mililita 5.3, kichupa kimoja kinatosha. Aliyeng'ang'ania 3 atapata 66 na kutaka kufungua cha pili. Usimsahihishe papo hapo. Muulize amefikaje hapo, kisha unyamaze sekunde 10 nzima, maana walimu wengi hujijibu wenyewe baada ya sekunde 2.

Rudia baada ya siku 3, tena baada ya wiki 2, kwa uzito mpya kila mara. Kitandani wafanye ukiwa kando yao. Na kabla hawajatawanyika, hesabu vichupa vya MAFUNZO: kimoja kikisahaulika mfukoni kinaweza kuishia kwenye trei ya wagonjwa.