Nilitazama ajali moja, nikaletewa ajali wiki nzima

Usiku mmoja nimelala na simu mkononi ikanijia video ya ajali, gari na pikipiki, mimi badala ya kupita nikaitazama mpaka mwisho, sio kwamba naipenda, nilitaka tu kujua yule jamaa kapona au la, nikafungua na komenti nisome. Asubuhi nikakuta ajali tano. Kesho yake ajali na watu wanaopigana, wiki inaisha nafungua simu moyo unadunda kabla sijaona kitu.

Nikawa nabonyeza dislaiki kama mwehu. Wapi! Baadae ndo nikajua siko peke yangu, maana 2022 Mozilla, wale wenye kivinjari cha Firefox, walichunguza YouTube kwa kutumia watu zaidi ya 20,000 wakakuta dislaiki inazuia kama asilimia 12 tu ya mapendekezo mabaya, kufuta video kwenye histori 29, na kuiambia isikuletee tena chaneli fulani 43. Yaani kitufe kinachojitahidi kuliko vyote hakifiki hata nusu. Kwahiyo kama huna muda anza na hivyo viwili, dislaiki achana nayo.

Kuna kuzuia maneno pia, TikTok, Instagram na X zote wanayo kwenye setingi, unaandika neno usilotaka kuliona basi. Nikaandika "ajali" nikajiona mjanja, zikaja za "aj@li" na "ajari", nikaongeza na hizo, zikaja ambazo hazina neno lolote, kiemoji cha kulia tu. Inapunguza lakini, siidharau, ila uwe na subira ya kuongeza maneno kila mara.

Kilichonisaidia kweli ni kuanza upya. TikTok waliweka 2023 sehemu ya kufuta mapendekezo yote ikuone kama mgeni, Instagram nao wakatangaza ya kwao Novemba 2024, na unaowafuata hawapotei. Sasa ukishabonyeza usidhani umemaliza, siku mbili tatu za mwanzo inakuletea makorokoro ya kila aina inakupima tu ione utatulia wapi, na hapo ndo wengi tunaharibu. Ukikutana na upuuzi usiujibu hata kama unawasha, kwasababu ukibaki unabishana kwenye komenti dakika kumi, mashine inachoona ni kwamba umekaa hapo dakika kumi. Na ile tabia ya kumtumia mwenzio "hebu ona huu ujinga" (bingwa wake nilikuwa mimi) nayo inahesabika umependa.

Mimi siku hizi kidole kinapita kabla sauti haijaanza, na simu ilikuwa imetulia kabisa mpaka juzi mdogo wangu alipoiazima nusu saa. Sasa hivi ni mieleka tu, asubuhi mpaka usiku.