Mtoto wa mbwa wa wiki nane: kuketi kutangoja, mwanzo mfundishe kuja

Dada, nimesoma swali lako mara mbili ndo nikaamua kuandika. Umesema mmeletewa mtoto wa mbwa wa wiki nane hapo Mukono, nyumbani kuna watoto wawili wadogo, na una orodha ndefu: kuketi, kulala chini, kutoa mkono, kutembea na kamba, kukojoa nje, kubwekea wageni, na hujui uanze na lipi. Mimi nimefuga mbwa watatu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na yule wa kwanza ndo alinifunza kwa uchungu.

Alikuwa anaitwa Tiger. Ana miezi minne tu anaketi ukimwambia, anatoa mkono wa kulia na wa kushoto, wageni wanapiga makofi. Lakini kuja akiitwa sikumfundisha hata siku moja, manake nilidhani mbwa akishakuzoea na akikupenda atakuja tu. Basi siku hiyo geti likaachwa wazi watu wanaingiza kuni, akaona mbuzi ng'ambo ya barabara akatoka mbio, nikamwita nikamwita mpaka sauti ikakauka, hata sikio hakugeuza, na barabara yetu hii ni ya malori ya mpakani. Sitaki kusimulia zaidi. Ila tangu siku ile mtu akiniuliza afundishe nini kwanza namwambia anza na yale yatakayomweka hai, hayo ya kufurahisha wageni yana muda wake.

Kwa hiyo la kwanza ni jina lake na kuja. Na kabla hujaanza, kaeni nyumba nzima mkubaliane neno moja. Kwetu mke wangu alikuwa anasema "jangu", mimi nasema "njoo", watoto wanasema "kam" ya shuleni, sasa kiumbe cha miezi miwili kitajuaje kwamba yote matatu ni kitu kimoja? Tukachagua "njoo" ikaisha. Halafu chukua mukene wakavu (wenzetu ng'ambo kule Kenya wanaita omena), simama hatua mbili tatu kutoka kwake, ita mara moja tu kwa sauti ya furaha, akifika mpe kasamaki kamoja na umsifu sana. Dakika mbili zinatosha, mara nne au tano kwa siku, kwa sababu mtoto wa mbwa anachoka upesi, analala karibu masaa 18 kwa siku. Akishaweza ndani ya nyumba mpeleke uani, kisha uani watoto wakicheza mpira, kisha karibu na geti ukiwa umemfunga kamba ndefu ili asikuponyoke. Kuna kosa moja ambalo wengi wetu tunalifanya bila kujua, kumwita ili umchape, au umwoshe, au umfungie bandani. Ukifanya hivyo mara tatu tu, neno "njoo" kwake litakuwa na maana ya kukimbia. Ukitaka kumwosha, mfuate alipo umbebe. Mbwa wangu wa sasa ana miaka minne, mwezi uliopita geti likaachwa wazi tena, akatoka kufuata bodaboda, nikaita mara moja akageuka. Nilikaa chini hapo hapo kwenye vumbi nikamkumbatia.

La pili ni kuachia kitu kilicho mdomoni. Unajua hali yetu, wezi wakitaka kuingia kwa mtu wanarusha kwanza nyama yenye sumu, na hata bila wezi kuna mifupa ya kuku, kuna buveera (mifuko ya plastiki), kuna sapatu za watoto. Usimkimbize wala usimpanue mdomo kwa nguvu, utamfunza kumeza haraka, basi. Wewe mpe kitu kizuri zaidi, kipande cha maini kwa mfano, akifungua mdomo sema "achia", mpe maini, halafu kama kile alichokuwa nacho si cha hatari mrudishie. Akirudishiwa mara nyingi anaona kwamba kuachia hakumpunji kitu. Ukishafika hapo fumba kitu kwenye ngumi, atanusa atalamba atakwaruza, we tulia tu, akiondoa pua ndo unampa kutoka mkono mwingine. Hivyo ndo anajifunza kuacha kitu cha chini mpaka aruhusiwe. Lakini sitakudanganya, mbwa mwenye njaa hakuna somo litakalomzuia kula nyama ya kuokota, kwa hiyo alale ameshiba.

La tatu watu hawalihesabu hata kama somo, ni kuguswa. Kila jioni akiwa amechoka mshike masikio, mfungue mdomo kidogo, mguse kati ya vidole vya miguu, taratibu, huku ukimpa kitu. Kupe wanajificha hapo hapo, ndani ya sikio na kati ya vidole, sasa mbwa asiyekubali kushikwa utawatoaje? Mbwa wangu wa pili tulikuwa wanaume watatu kumshika ili adungwe sindano ya chanjo, daktari wa mifugo anatoka jasho, mbwa analia, hata mimi nililia moyoni. Huyu wa tatu anasimama tu.

Sasa kwa sababu una watoto, hapa nakuomba usome polepole. Atawauma, si kwa ubaya, ndivyo watoto wa mbwa wanavyocheza, na yale meno yake 28 ya utoto ni kama sindano. Yanaanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne, mpaka kama miezi saba ana yale 42 ya ukubwani. Akiuma, mchezo usimame pale pale, kila mtu anyamaze ageuke, baada ya muda kidogo mnaanza tena. Na watoto nao wafundishwe, wasikimbie wakipiga kelele manake hiyo kwake ni mchezo mtamu zaidi, na wasimguse akila wala akilala. Chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu usiikose. Na mbwa yeyote, hasa wa nje msiyemjua, akimuuma mtoto au kumkwaruza, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na muende hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kuona.

Kitu kingine hakimo kwenye orodha yako na muda wake unaisha haraka, kumzoesha dunia. Mpaka kama wiki ya 14 akili yake iko wazi, anachokutana nacho bila kutishwa anakiona cha kawaida, baada ya hapo kitu kigeni kinamtia woga kwa urahisi. Shida ni kwamba chanjo zake hazijaisha mpaka kama wiki ya 16, na pavo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, inamaliza watoto wa mbwa vibaya. Mimi nilikuwa nambeba mikononi, nasimama naye karibu na steji ya boda, anaona watu wenye miavuli, anasikia mvua juu ya mabati, azana, ng'ombe, watoto wa shule, lakini simuweki chini mahali mbwa wa mtaani wanapita. Na kule kubwekea wageni ulikoandika, usimfundishe, akikua atabweka mwenyewe. Wale wanaofungwa mnyororo mchana kutwa ati wawe wakali, wengi ni waoga tu, na mwoga ndo anauma mtoto wa jirani.

Kukojoa nje kunaenda pamoja na hayo yote: mtoe akiamka, akila, akimaliza kucheza, na katikati kila masaa mawili, akikojoa nje msifu, akikojoa ndani futa unyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfunzi kitu. Kamba avae ndani ya nyumba kwanza aizoee. Kuketi utamfundisha siku yoyote, weka chakula juu ya pua yake, kichwa kikipanda matako yanashuka.

Mkishakubaliana neno la kumwita liandikeni kwenye karatasi mbandike mlango wa jikoni, sisi ndo tulifanya hivyo, hata shangazi akija kutoka kijijini anajua anamwitaje.