Maswali ya Wasomaji: Kizimba cha Mazoezi ya Besiboli

SWALI: Ndugu Mhariri, nina watoto wawili wanaocheza besiboli, mmoja ana miaka 11 na mwingine 16. Ua wetu una urefu wa mita 20 hivi, nami nataka kuwawekea kizimba cha kufanyia mazoezi ya kupiga mipira, lakini kila tangazo ninalolisoma linasifu uimara wa nguzo tu. Je, nianze kwa kuangalia nini? Na klabu yao, inayotaka kizimba cha uwanjani, inunue cha aina hiyohiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, nguzo ziache kwanza. Kazi yake ni kuubeba wavu, ilhali unaopokea mipira kila siku ni wavu wenyewe, na kinachoamua iwapo mtoto atajifunza chochote humo ndani ni nafasi aliyopewa.

Katika ligi za watu wazima, mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye kituo cha mpigaji. Watoto wa umri wa mwanao mdogo hutumia takriban mita 14. Ukiongeza nafasi nyuma ya mpigaji na nyuma ya mrushaji, kijana wa miaka 16 angehitaji kizimba cha mita 21 au zaidi, ambacho ua wako hauwezi kukimeza. Hilo lisikukatishe tamaa, kwani mrushaji anaweza kusogea karibu na kurusha polepole zaidi. Mpira wa kasi ya kilomita 90 kwa saa unaoachiwa umbali wa mita 11 humfikia mpigaji kwa muda uleule unaotumiwa na mpira wa kilomita 135 kwa saa unaoachiwa mita 16.5, yaani chini kidogo ya nusu sekunde. Kizimba cha mita 16 au 17 kitawafaa wote wawili, mradi upana na kimo visipungue mita 3.6, kwa kuwa mpigaji aliyebanwa huanza kuufupisha mzunguko wa gongo lake la kupigia bila kujua, na kosa hilo ni gumu kuliondoa baadaye.

Wavu uwe na macho ya sentimita 4.5 hivi. Wavu wa goli la soka haufai kabisa, kwani mpira wa besiboli, wenye kipenyo cha sentimita 7 na ushei, hupenya. Nailoni ni imara kuliko polietilini ya unene uleule, lakini hunyonya maji na hudhoofishwa na jua isipokuwa imetiwa dawa ya kuikinga. Polietilini hainyonyi maji, kwa hiyo kwa wavu utakaokaa nje mwaka mzima bila paa, mimi ningeichagua hiyo. Nyuzi hupangwa kwa namba: namba 21 ni nyepesi, 36 inatosha kwa familia, na klabu ianzie 42. Uning'inize ukiwa umelegea, mbali kidogo na nguzo, kwa sababu wavu uliokazwa huurudisha mpira kwa nguvu na nyuzi zake hukatika mapema. Sehemu ya nyuma ya mpigaji ndiyo huchakaa kwanza; tundika turubai nzito hapo.

Klabu ina mahitaji mengine. Kama wachezaji ni wengi, nguzo za chuma zilizosimikwa kwa zege na kuunganishwa kwa waya wa chuma zitabeba vizimba kadhaa sambamba. Kizimba cha magurudumu, kilicho wazi upande wa mbele, husukumwa hadi kwenye kituo cha mpigaji na kumruhusu aone mpira wake ulikoangukia. Ni kizuri sana, ila kinahitaji uwanja mzima na watu wa kuokota mipira.

Kuna kifaa kimoja ambacho wauzaji wengi hukiuza kando, nacho nakusihi usikiache hata kama bajeti imebana: kinga ya wavu yenye umbo la herufi L, ambayo mrushaji hujificha nyuma yake mara tu anapouachia mpira. Katika umbali wa mita 11 hakuna mtu mwenye wepesi wa kuukwepa mpira uliopigwa moja kwa moja kumwelekea. Mpigaji naye avae helmeti, na mtoto anayesubiri zamu asubiri nje, hatua kadhaa kutoka kwenye wavu, maana wavu uliolegea hutanuka mpira unapougonga.